Banda, Nyanya na Mashine ya Msasa

Jumatatu, 9 Juni

Daftari, nisamehe. Mara ya mwisho kukuandikia, Bosi alikuwa hajaota hata jino. Leo anatembea, anapanda, anafungua. Bosi ni binti yangu, mwaka mmoja na nusu, na ndiye mwenye nyumba. Sikukusahau. Nilikuwa nalala nimesimama.

Habari kubwa: mzigo wa kaka umefika! Kaka anauza vifaa vya ujenzi huko mbali. Katuma mota, roda tatu, mkanda mmoja wa msasa na karatasi ya maelekezo. Nikiviunga, mkanda unazunguka mbio kama umeitwa, nauegemezea chuma, kinachongoka kisu. Marehemu baba alikuwa mhunzi. Nilimvukutia moto tangu nina miaka saba. Hii damu, si tamaa.

Shida ni banda lililo uani kwa mama mkwe. Wifi yangu, fundi cherehani, analitaka pia. Mama mkwe kaamua: Jumamosi nimletee kisu. Kikikata nyanya mbivu bila kuiponda, banda langu. Kikiiponda, cherehani inahamia. Wifi akauliza eti nyanya ivalishwe kofia ya chuma? Nikacheka kwa heshima. Moyoni sikucheka.

Mume wangu, dereva wa lori, kasema kwa simu nifanye nitakavyo ila akirudi aikute nyumba.

Jumanne, 10 Juni

Karatasi ya kaka inataka bolti nne za kufungia mashine mezani. Ninazo mbili. Mbili zinatosha kwa mtu mwangalifu.

Hazitoshi! Nilipowasha, mashine ilitetemeka, ikajivuta, ikaanza safari ya kuelekea mlangoni na meza yake. Nikachomoa plagi nikiwa nimeishika mashine kama ng'ombe mwenye hasira. Wifi alikuwa dirishani. Akauliza inakwenda wapi, maana kama inakwenda sokoni imletee zipu.

Nimetoa bolti mbili kwenye kitanda chetu. Mume hayupo, kitanda hakina kazi kubwa. Sasa mashine imetulia kama bibi harusi.

Jumatano, 11 Juni

Leo mkanda. Una mshale kwa ndani kuonyesha upande wa kuzungukia. Niliuvisha kinyume, nikavua, nikavisha sawa. Ukaanza kuteleza kushoto, ukala ubao wa meza. Kumbe kuna skrubu ya kuinamisha roda ya juu: unazungusha kidogo, mkanda unarudi katikati. Kidogo, kaka kaandika, na kapigia mstari. Mimi nilizungusha sana. Ukala ubao wa kulia pia. Sasa meza imelingana.

Mengine nimefuata, nisisingiziwe. Mtandio nimevua, nywele nimezibana, mikono ya gauni nimekunja. Miwani machoni, barakoa puani. Ndoo ya maji kando. Na sheria yangu mwenyewe, ambayo kaka hakuiandika kwa kuwa hana Bosi: mashine haiwaki mpaka Bosi awe amelala chumbani kwa bibi yake, na nikimaliza, plagi inatoka ukutani na mlango unafungwa kwa kufuli. Alilia mlangoni kutaka kuingia. Nilimbeba, nikambusu, nikamwambia hapana. Akalia zaidi. Hapana ikabaki hapana.

Alhamisi, 12 Juni

Kisu cha kwanza! Nilikuwa na kipande cha springi ya gari ambacho baba alikifua na kukitia ugumu mwenyewe, kikabaki bila kuchongwa. Nikavaa glovu nene za kazi, nikachonga Bosi alipolala. Cheche, cheche, cheche! Makali yakatoka na rangi ya buluu inayometa, kama shingo ya njiwa. Nilimwonyesha wifi. Akaomba akishike. Wifi kuomba! Nikampigia kaka kujisifu.

Kaka akaniita jina langu lote. Akasema ile buluu ni joto lililopita kiasi. Makali yameshalainika, hayatakata hata uji. Akauliza kwani sikusikia moto mkononi. Nikasema nisikie wapi na glovu nimevaa? Akauliza kama nilisoma namba tatu kwenye karatasi yake. Niliisoma: usivae glovu, mkanda ukiidaka unaondoka na mkono. Nilidhani imeandikwa kwa wasiojua. Akasema mikono mitupu, unagusisha kidogo, unachovya majini, na ukisikia joto umeshachelewa kuchovya. Kisha akauliza Bosi hajambo. Nikaona haya.

Glovu nimeziweka bafuni, za kusugulia sakafu.

Kimebaki kipande kimoja cha baba. Kimoja tu.

Ijumaa, 13 Juni

Mikono mitupu. Gusa, chovya, gusa, chovya. Hakuna buluu! Umbo likatoka zuri, mgongo umenyooka, tumbo limejaa kidogo. Kisha nikaelekeza ncha kinyume na mwendo wa mkanda, eti niiweke sawa. Ncha ikazama. Mkanda paa, vipande viwili. Makali bado, na mkanda ulikuwa huo huo.

Nikawaza. Mkanda ni nini? Ni kitambaa chenye mchanga. Nani mwenye kuunga kitambaa? Nikaenda kwa wifi, nikamwambia kwa unyonge kuna kitambaa nadhani kitamshinda. Wifi akasema tangu azaliwe hajashindwa na kitambaa, ashindwe na hiki? Akavunja sindano tatu. Mshono wa kwanza, wa pili, na wa tatu kwa hasira. Akaniambia hata tembo akivuta haukatiki.

Tembo hazunguki kwa mota. Nilisimama pembeni, miwani machoni, nikawasha. Ta-ta-ta-ta-pwaa! Mkanda ukapaa dirishani, ukavuka uzio, ukatua kwenye beseni la mama mkwe lenye vyombo. Hakuna aliyeumia, isipokuwa mimi, kwa niliyoambiwa.

Nimemaliza makali kwa jiwe la baba la kunolea. Kwa mkono, Bosi mgongoni amelala, saa tatu nzima. Kiuno hakina mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Mama mkwe alichagua nyanya iliyoiva mpaka inasikitisha. Kisu kikapita. Kikapita kama hakijakutana na kitu! Vipande vyembamba, hakuna tone. Nikaona machozi yananijia kwa ajili ya baba.

Mama mkwe akauliza makali haya yametoka kwenye mashine? Ningesema ndiyo. Bosi alikuwa ananitazama. Nikasema, hapana mama, ni jiwe.

Akasema vizuri, mwanangu, basi jiwe halina kelele na linakaa jikoni. Banda apewe mwenzio. Na kisu akakitia mfukoni mwa aproni.

Wifi alihamia saa hiyo hiyo, kwa vigelegele alivyojipigia mwenyewe. Akatundika gauni jeupe la harusi la mteja. Dakika kumi, ukelele! Vumbi la chuma limejaa kwenye kuta, kwenye dari, kwenye misumari. Gauni limeingia madoa kama kanga wa porini. Akaning'iniza mashuka ukutani, akaosha kwa maji na sabuni, akafagia mara mbili: vumbi linatoka tu. Akabeba cherehani yake akisema hata bure halitaki.

Mama mkwe akachungulia, akakohoa, akasema banda limeshaharibika, abaki nalo aliyeliharibu.

Nimeshinda! Gauni nimelifua mimi, maji matano, limetakata. Wifi kaniletea chai, kisha kasema bado nina mkono mzito.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala saa nane mfululizo. Nimeamka na akili safi, nikaenda kwa mpishi mkuu wa hospitali, nikamwahidi visu kumi na viwili ifikapo Jumatano. Siku tatu! Kwa uzoefu nilionao ni nyingi. Mkanda sina, chuma sina, ila hayo ni madogo.

Nimemwandikia kaka ninachohitaji, nakunakilia hapa nisisahau:

Mikanda sita: minne ya mchanga mkubwa namba 60, miwili ya mchanga laini namba 120. Springi za lori, mbili. Mbao ngumu za mipini, vipande ishirini na vinne. Mota yenye nguvu mara mbili ya hii, maana hii ndiyo inayonichelewesha. Na mashine ya kuchomelea vyuma, hata kuukuu. Sijawahi kuishika, lakini nimemwona mtu akiitumia barabarani, si kazi ya kutisha.