Karani Placide Aende Kabambare Kucheza Sataranji

Bwana Msimamizi wa Teritwari, ambaye angekuwa hapa kama asingekuwa Kindu, Mapadri watukufu, Machifu wenye medali na Machifu mnaoingojea, masheikh, makarani wa daraja zote, mabibi mliovaa viatu, na ninyi wengine mliosimama juani: mimi Jean-Baptiste, Prezida wa Serkle, yaani klabu, ya Wastaarabu wa Kasongo, nawasalimu kwa niaba ya maendeleo! (Makofi ya makarani.)

Katika mwaka huu wa 1954, asilimia tisini na saba ya Kasongo wameelewa stratejia yangu ya sataranji, na waliobaki ni wakaidi. Kesho karani Placide, aliyefunga ndoa Jumamosi, atakwenda Kabambare kwa miguu, akae miezi miwili, aishinde serkle yao. (Pascaline, bibi arusi: "Miezi mbili? Hata sombe yangu ya kwanza hajamaliza kula!" Vicheko.)

Bibi arusi, tulia! Mshamba hukimbilia katikati ya ubao. Sisi, hapana. Farasi anatoka, askari wa ubavuni mwa mfalme anasogea hatua moja tu, askofu anaketi pale askari alipotoka, mfalme anajificha nyuma yake. Kutoka pembeni hapo askofu anatazama kwa mshazari, kona hadi kona, huku adui akijichosha kujenga katikati, ambapo sisi tutapabomoa! (Mzee Assumani, ambaye kwao sataranji inachezwa tangu babu zake: "Tunabomoa lini, muheshimiwa? Na askari gani?")

Swali la kitaalamu! Ukurasa wa gazeti niliofungiwa sabuni uliishia hatua ya nne. Kwa hiyo, kufuatana na programu, baada ya hapo tunasubiri. (Kicheko kirefu. Pascaline: "Kama iko kusubiri, asubirie kwangu!" Vigelegele. Placide anainuka.)

Kaa chini, Placide! Semeni nami: Kasongo, mbele! Katikati, tuwaachie! Pembeni, daima! (Watu wanageuka kumtazama Placide.)

Namalizia kwa kuwashukuru ndugu wa Kabambare kwa barua yao ya leo, ambamo wanasema kwa adabu kwamba kwao hakuna serkle wala mchezaji, na wanauliza sataranji ni chakula gani. Basi Placide atakwenda kuwaeleza. Na kwa kuwa ubao wetu wenyewe haujaagizwa, ataeleza kwa mdomo. Placide? Placide! (Wanawake: "Ameisha kwenda kwake na bibi yake, Prezida. Umwache!")