Sumaku za Marehemu Vernon

Jumatatu, 4 Machi

Tulimzika Vernon wiki iliyopita, Mungu amrehemu. Leo wosia umesomwa. Gitaa lake la umeme la mwaka 1957 haliuzwi! Litakwenda kwa mwanachama wa chama chetu cha wapiga gitaa atakayelitambua kwa sikio. Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa, mjane wake Lorraine atapiga magitaa matatu: la Vernon, langu, na la shemeji yangu Duane. Sisi tutageuza migongo. Wa kwanza kulitaja ndiye mwenyewe. Ukikosea, umetoka.

Gitaa lile nalitaka kuliko kitu chochote. Lilitengenezwa hapa hapa mjini Kalamazoo, na marehemu mama alikuwa akisokota nyaya za vinasa sauti, vile vya chini ya nyuzi za gitaa, kiwandani miaka ile ile. Huenda nyaya za lile zilipita mikononi mwake. 

Tatizo ni masikio yangu. Kwa miaka mingi ya msumeno wa karakana, sikio la kushoto limebaki pambo. Duane, ambaye ni kaka wa mke wangu Arlene na ni mtu wa kujisikia, alilisema hilo mbele ya wote. Eti, “Shemeji Gerrit, kengele ya mlango huisikii, sembuse gitaa la Vernon?” Watu wakacheka. Hata Lorraine, mwenye msiba!

Duane atanijua.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umeiva. Gitaa lina vinasa sauti viwili, na kila kimoja kina sumaku chini yake, nyembamba, ukubwa wa kipande cha ubani. Sumaku kongwe imekwisha makali, kwa hiyo sauti yake ni laini. Mpya inakwaruza. Basi, nizitoe sumaku za Vernon nizitie kwenye gitaa langu, na zangu mpya nizitie kwenye lake. Jumamosi wote watatafuta sauti laini. Mimi peke yangu nitasubiri inayokwaruza. Na hata nikishindwa, sumaku zitabaki kwangu. Kichwa hiki!

Nikaenda kwa Lorraine na boksi la maandazi ya Kipolandi yenye jamu, maana kesho Kwaresima inaanza, na leo ndiyo siku ya kuyala. Nikamwambia si heshima gitaa la marehemu kupigwa likiwa na vumbi, nitalisafisha bure. Machozi yakamlengalenga. Alisema Vernon alikuwa akiniona mtu wa hila, kumbe alinikosea. Nilijisikia vibaya mpaka nilipofika kwenye gari.

Kazi yenyewe si ngumu. Unatia alama ya penseli upande wa juu wa kila sumaku, usije ukairudisha kichwa chini. Nikatia. Nikawa nafanya kazi huku nakula andazi. Jamu ikadondokea sumaku moja. Nikaifuta kwa kitambaa, ikang'aa vizuri sana. Alama nayo ikaondoka. Nikakadiria.

Nilijaribu kinasa cha juu peke yake: kinakwaruza. Cha chini peke yake: kinakwaruza. Safi kabisa. Nikamrudishia Lorraine gitaa kabla ya chakula cha jioni.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepiga gitaa langu likiwa na sumaku za Vernon. Asali! Mwaka 1957 mtupu! Nikamwita Arlene asikilize. Alisema ni lile lile la juzi, na takataka nitoe lini? Ukoo wao wote hauna shukrani.

Duane alipita kuazima koleo la theluji. Aliniuliza mbona nina furaha hivyo. Nikamwambia ni Kwaresima, nimejitakasa. Akanusa kitambaa changu cha jamu.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Tukageuza migongo, Lorraine akatwambia atapiga vinasa vyote viwili pamoja, kama Vernon alivyopenda. Gitaa la kwanza likalia. Mungu wangu! Sauti nyembamba, ya puani, kama mtu mwenye mafua anaongea ndani ya debe. Nilishindwa kujizuia. Nikacheka kwa sauti, nikasema, “Shemeji, lako hilo limepata mafua, lipeleke hospitali!” Raha niliyoipata hapo sijaipata tangu harusi yangu.

 Duane akanyoosha mkono. Akasema hilo ndilo la Vernon.

 Lorraine akasema ni kweli, ingawa yeye mwenyewe haelewi limepatwa na nini. Wakamwuliza Duane amelijuaje na halifanani hata kidogo. Akasema, “Rahisi tu. Gerrit alilisafisha.”

Ukumbi mzima ulicheka, na mchungaji akiwemo. Kumbe sumaku moja ilikuwa kichwa chini. Kila kinasa peke yake ni kizima. Vikilia pamoja, vinazozana. Jamu!

Nililia kidogo ndani ya gari. Nilimwambia Arlene ni baridi.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada tulikwenda jikoni kwa Lorraine. Duane alilifungua gitaa ili alitengeneze. Nikaona afadhali nikiri, nirudishe sumaku. Nilikuwa nimezitoa kwenye gitaa langu usiku; nikaziweka mezani, nikaomba radhi. Niliumia kweli.

Lorraine akazitazama, akacheka mpaka akashika kiti. Alisema hizo wala si za zamani. Vernon alizinunua dukani juzi juzi tu, akizilalamikia zile za mwanzo kwamba zimechoka. Za mwanzo hizo hapo, zimeshika kalenda ya kanisa kwenye friji!

Nikageuka. Kweli. Mbili, nyeusi, zina kutu pembeni. Za mwaka 1957, kutoka kiwanda cha mama. 

Lorraine akasema, “Gerrit, kama unazitaka chukua tu, hazina kazi.” Duane akaniangalia. Nikatabasamu, nikasema asante sana mama, za nini mimi? Siwezi kumpa shemeji faida ya kujua ninazitamani.

Tulipokuwa tunarudi nilisimama dukani, nikanunua sumaku mbili za friji zenye umbo la samaki, za kushika kalenda. Nimeshampigia Lorraine simu. Nimemwambia friji ya marehemu haifai kukaa na uchafu ule, kesho nitakwenda kuisafisha bure.