Nafasi ya Watu Ishirini

Jumatatu, 6 Agosti 1973. Temeke.

Habari kubwa! Balozi wetu wa nyumba kumi, Bi Mwanaheri, ametangaza darasa la kisomo cha watu wazima. Nyumba yenye nafasi ya watu ishirini ndiyo itakayopewa darasa, na mwenye nyumba, kama anajua kusoma, ndiye atakayefundisha. Nikamwambia mimi najua. Akasema mtaa mzima unajua kwamba najua, maana sichoki kuutangazia.

Miaka ishirini nilikuwa karani wa ghala bandarini. Nilisoma kila gazeti lililofungiwa bidhaa. Tangu nitoke Newala mwaka 1941 nimeitwa karani, nimeitwa mzee, nimeitwa baba Fransis, na mengine nisiyoyaandika. Mwalimu, bado. Nataka kuitwa hivyo kabla sijafa.

Mpinzani ni mmoja: jirani yangu Gozbert, karani kijana mwenye sebule ya saruji. Lakini mkewe hataki miguu ya watu kwenye sakafu aliyoipaka rangi nyekundu. Mungu ambariki mama huyo!

Nimeipima nyumba yangu kwa kamba. Baraza mbele. Mlango. Ukumbi unanyooka katikati hadi mlango wa uani: futi thelathini kwa nne. Vyumba vitatu kila upande, futi kumi kwa kumi. Kulia ni chumba chetu, kisha stoo ya mke wangu Rosalia, kisha chumba cha Apolinari, mpangaji, mchongaji wa mpingo. Kushoto, wapangaji wengine. Nyuma kabisa ni uani: jiko, choo, kamba ya nguo, na wanawake wote wa nyumba. Chumba kimoja kinaingia watu kumi na wawili, wasipopumua.

Basi ni ukumbi!

Jumatano, 8 Agosti.

Rosalia yuko kwa dada yake Gongo la Mboto hadi Jumamosi. Nafasi nzuri ya majaribio. Nikawapanga wapangaji na majirani ukumbini, mstari mmoja, ubao kwenye mlango wa mbele. Wa kwanza aliona vizuri. Wa pili aliona kisogo cha wa kwanza. Wa mwisho, kule mlango wa uani, alisema alichojifunza ni kwamba aliye mbele yake ana upele.

Apolinari akaingia na gogo begani. Wote wakasimama. Mama mmoja akapita na kopo kwenda chooni. Wote wakasimama. Akarudi. Wote wakasimama, na safari hii hawakukaa tena.

Alhamisi, 9 Agosti.

Nimepata! Kati ya chumba chetu na stoo kuna ukuta mmoja tu, wa fito na udongo. Ukiondoka huo, ni futi ishirini kwa kumi. Apolinari akaniuliza, mzee, kwani huo ukuta umebeba nini? Nikamjibu umebeba chokaa na kalenda ya misheni. Nikaanza kazi saa tatu asubuhi. Saa tano nilijua kwamba ulibeba na paa.

Boriti ilishuka shubiri nzima, ikilia kama mbuzi. Apolinari akaja mbio na kinyago chake kikubwa, kile cha watu waliobebana mabegani, kazi ya miezi minne. Futi sita. Akakipindua kinu cha Rosalia, akakisimamisha kinyago juu yake. Futi nane kamili. Paa likatulia. Nikamwuliza kama watu wake wataweza. Akasema usijali mzee, hao wamezoea kubebana.

Jumamosi, 11 Agosti.

Rosalia karudi. Akatazama chumba, akatazama kinyago, akauliza kinu chake kinatafuta nini chini ya ukoo wa watu. Nikamweleza kuhusu darasa. Kumbe yeye ndiye wa kwanza kujiandikisha! Anasema amechoka kusomewa barua za mwanawe Fransis na mtu anayeruka mistari. (Naruka michache. Ile inayonisema mimi tu.)

Gozbert naye akaja. Shikamoo ya heshima kabisa, halafu akauliza kama wanafunzi waje na daftari au na kofia za chuma. Niliitikia marahaba.

Jumapili, 12 Agosti.

Bi Mwanaheri kaja kukagua. Alichungulia chumbani bila kuvuka kizingiti, akasema humu yeye hata kuku wake hamwingizi. Akaomba maji ya kunywa, Rosalia akamwita uani.

Huko akasimama, akatazama kote. Wanawake tisa mikekani, wanachambua mchele. Nafasi tele pande zote. Ukuta wa nyuma mweupe wa chokaa, mkubwa kuliko ubao wowote. Akaniuliza nabomoa nyumba ya nini na darasa limeshakaa kitambo.

Ua huu sikuwahi kuupima. Miaka yote napita tu, nikikohoa kwanza ili wanawake wajue ninakuja.

Lakini tumeshinda! Darasa ni letu! Ndipo akasema mwalimu atakuwa Gozbert. Nikamkumbusha sharti lake. Akasema, Mzee Polikarpo, wewe hujui hata kilichobeba paa lako, nitakukabidhije watu ishirini?

Jumatatu, 13 Agosti.

Asubuhi wapangaji walirudisha fito na kukandika udongo. Saa kumi alasiri, somo la kwanza. Nilikaa mkeka wa nyuma. Nilimsahihisha Gozbert mara tatu, zote kwa haki. Mara ya nne wanawake walinisindikiza hadi ukumbini.

Kutoka hapo nilimwona Rosalia akichukua mkaa na kuandika R ukutani, ndefu kama yeye, mguu mmoja umepinda. Baada ya somo alinifuata, akaniuliza polepole kama O inaanzia juu au chini. Nikamshika mkono. Juu, nikamwambia. Tukaizungusha pamoja hewani. Hakuniita mwalimu. Aliniita baba Fransis, kama siku zote. Lakini alimwacha Gozbert uani, akaja kuniuliza mimi.

Nimefikiri sana. Ua huu una kasoro moja: hauna paa, na vuli haiko mbali. Mtu atakayeliokoa darasa na mvua, watamnyima nini? Chumba chetu kina mabati kumi na mawili, mazima kabisa. Alhamisi Rosalia anakwenda tena kwa dada yake.

Ngazi nimeshaazima.