Kilomita Saba kwa Kipanya

Jumatatu, 3 Machi

Presha: 162 kwa 101. Daktari wa kiwanda alipima mara mbili, kisha akaitazama mashine kana kwamba ndiyo mgonjwa. Akasema dereva mwenye presha hiyo habebi wafanyakazi arobaini na wawili. Nikamwambia nimewabeba miaka kumi na tisa na hajalalamika hata mmoja. Akasema hakuwauliza wao, ameiuliza mishipa yangu.

Hukumu: wiki mbili. Dawa asubuhi, kutembea kilomita tano kila siku. Ikifika tarehe 17 presha haijashuka chini ya 140, au sijatembea, natolewa kwenye basi napelekwa ghalani kupanga maboksi. Usukani atapewa dereva wa akiba, ambaye kiwanda kizima kinamwita Spea. Spea alikuwa mlangoni, bila shaka kwa bahati tu. Alinipa pole huku magego yote yakionekana.

Nimevalishwa saa ya GPS. Inarekodi njia yote ninayopita. Kila nikienda kliniki, nipeleke faili kwenye flashi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetembea! Kutoka mlangoni kwangu hadi benchi la fundi viatu. Fundi aliniuliza nani amefariki, maana hajawahi kuniona kwa miguu. Nikakaa nimweleze. Maelezo yalichukua dakika hamsini.

Jioni nikaingiza faili kwenye kompyuta ya mke wangu, anayochapia watu barua na mitihani. Ikafunguka ramani yenye mstari mwekundu. Jumla, kwenda na kurudi: mita 1,140. Mwendo wa wastani: kilomita moja kwa saa. Kobe angenipigia honi.

Lakini nimegundua jambo. Ule mstari ni nukta nyingi zilizopangwa, kila nukta na mahali pake na saa yake. Na nukta inakubali kuburutwa kwa kipanya! Inakwenda popote uipelekapo na haiulizi kwa nini. Sijawahi kuwa na abiria mtiifu namna hii.

Alhamisi, 6 Machi

Kuhariri njia si lelemama. Nilifuta nukta zote za benchi, mstari ukapendeza. Ila dakika hamsini zikabaki zinaning'inia hewani, kwa hiyo nikasogeza saa za nukta zilizofuata. Kisha nikaivuta njia hadi sokoni, nikaizungusha shule, nikairudisha nyumbani. Kilomita 5.3! Mara ya kwanza nilisahau kuongeza muda, nikawa nimekwenda kilomita ishirini kwa saa, na tumbo hili. Nikapunguza. Mtu asijisifu kupita kiasi.

Saa tatu nzima kitini. Mgongo unauma kama wa aliyetembea kweli.

Mke wangu alinikuta, akatazama skrini, akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamwonyesha pale chini: kilomita tano nukta tatu. Akaenda zake jikoni.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari amelisifu faili. Kisha akapima. 164! Akakuna kichwa. Mtu anatembea kiasi hiki na presha inapanda? Basi dawa ni dhaifu. Kuanzia leo vidonge viwili asubuhi na viwili jioni, chumvi marufuku, na chupa tatu za damu kwa uchunguzi zaidi.

Ningeweza kusema ukweli palepale. Hata mdomo niliufungua. Lakini Spea akapita dirishani, anapiga mluzi, anazungusha ufunguo wa basi kidoleni. Nikafunga mdomo, nikakunja mkono wa shati.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya tatu bila chumvi. Maharage yana ladha ya bahasha. Mke wangu anasema nikitembea kweli nitayaona matamu. Hana huruma yule mama.

Jana nilichora njia mpya, kilomita 7.2. Inapita nyuma ya kinu cha unga, inafuata kinjia cha kahawia nilichokiona kwenye picha ya angani, inarudi kwa barabara ya juu. Kona laini kabisa. Kazi ya fundi!

Nimeponzwa na ufundi. Daktari ameichapisha ramani yangu na kuibandika ukutani kliniki. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi wagonjwa wote wa presha kiwandani, watu kumi na mmoja, wataifuata njia hiyo, naye atakuwepo. Kiongozi: mimi. Spea ameomba kuja pia. Presha ya Spea ni ya mtoto mchanga.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu amenishauri niende angalau mara moja nikaione hiyo njia yangu kwa macho. Ushauri mzuri. Magoti yameukataa.

Badala yake nimeikuza picha mpaka kinjia kikawa kipana kama mkeka. Hakuna kizuizi. Picha haidanganyi.

Jumamosi, 15 Machi

Ilidanganya.

Kilomita mbili za kwanza nilitangulia kifua mbele. Mpishi wa kantini alikuwa nyuma yangu, akisema baba huyu kumbe mwanariadha, tulimdharau bure. Tukapita kinu cha unga. Tukakifikia kinjia cha kahawia.

Ni mtaro. Upana wake mita mbili, na umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Spea akauliza, kwa heshima zote, mzee huwa unapitia wapi hapa. Ningeweza kusema nimepotea. Nikasema huwa naruka. Watu kumi na mmoja wakalitazama tumbo langu. Mpishi akasema turukie basi, kiongozi, tujifunze.

Nikaruka.

Maji hayakunifika shingoni, kama wasemavyo. Yalinifika kiunoni. Aibu ndiyo iliyofika shingoni. Tope likashika kiatu cha kushoto, na nilipochomoa mguu kiatu kikabaki. Dakika thelathini na tano mtaroni! Mpishi alicheka mpaka akakaa chini, daktari akamwonya asipandishe presha.

Hapakuwa na daraja karibu, ikabidi tuzunguke mbali. Nilitembea na kiatu kimoja na mfuko wa plastiki. Nimefika nyumbani miguu ina malengelenge kama mahindi. Saa inasema kilomita 9.6. Zote za kweli! Mke wangu amenikanda miguu, huku mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Jumapili, 16 Machi

Kesho ndiyo kesho. Nimefungua faili la jana. Mstari mzuri, wa halali, hadi unapofika mtaroni. Pale nukta zimerundikana kama inzi kwenye embe. Dakika thelathini na tano mahali pamoja! Dereva wa miaka kumi na tisa hawezi kuacha kumbukumbu kama hiyo ofisini.

Mke wangu akasema acha hivyohivyo, mume wangu, angalau mara hii. Nikamwambia ni usafi tu.

Nimefuta rundo lote. Nimepitisha mstari juu ya mtaro, umenyooka, na ule mzunguko wa robo saa nimeukata. Nimeziondoa na zile dakika nilizokaa nikitafuta kiatu. Faili linang'aa.

Jumatatu, 17 Machi

Presha: 136 kwa 86! Daktari alinipa mkono. Kalamu ilikuwa tayari juu ya fomu ya udereva. Akaomba flashi, kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Sikujua kwamba Jumamosi Spea naye alivalishwa saa. Daktari akaweka mistari yetu miwili kwenye skrini moja. Mstari wa Spea umesimama ukingoni mwa mtaro dakika thelathini na tano, ukisubiri. Wangu umeuvuka mkavu, na umemaliza safari dakika hamsini kabla ya watu niliokuwa nikiwaongoza.

Nikasema labda ni setilaiti. Daktari akanikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba aliyenivuta mkono kutoka mtaroni alikuwa yeye.

Kalamu ikarudi mfukoni. Sasa anayatilia shaka mafaili yote, na ramani ameibandua ukutani. Wiki mbili nyingine, naanza upya, na kuanzia kesho nitakuwa ghalani. Jioni nimerudi nyumbani kama abiria, kiti cha nyuma. Spea anakanyaga breki kama anaua mende.

Nimefikiri njia nzima, na kosa langu nimelibaini. Nilihariri mstari mmoja wakati mistari ilikuwa miwili. Tulipofika kituoni nikamfuata Spea, nikamuuliza kwa upole kama flashi yenye faili lake anaweza kuniazima, dakika kumi tu.