Ratiba ya Hali ya Asili Kijijini Pellingham

Wakazi wote wa Pellingham, wake kwa waume, walitangaziwa rasmi kwamba kuanzia Jumatatu asubuhi, mara baada ya kukamua ng'ombe, kijiji kingeingia katika Hali ya Asili. Hali hiyo ingedumu hadi Jumatano mchana. Katika kipindi hicho kusingekuwa na sheria, wala serikali, wala mali ya mtu, wala kosa la jinai, na kila mkazi angekuwa na haki ya kuchukua chochote na kumpiga yeyote. Wananchi waliombwa kutoa ushirikiano.

Tangazo hilo niliandika mimi, Eleazar Stubbs, Katibu wa Kamati ya Mpito, na nikalisoma mwenyewe mlangoni mwa kanisa kwa sauti niliyoifanyia mazoezi. Naeleza mapema kwa sababu baadaye kuna watu walisema wazo lenyewe lilikuwa la kipuuzi. Halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Lilikuwa na ratiba.

Chanzo chake kinajulikana. Majira ya baridi yaliyopita, kule London, wakubwa walimkata mfalme kichwa. Sisi wa Pellingham hatukushirikishwa, ila habari zilitufikia pamoja na muuza chumvi. Watu wakasema "Lo!" wakarudi kwenye nguruwe wao. Aliyekosa usingizi ni Mheshimiwa Ambrose Thackett, mwenye lile jumba la kilimani na Mwenyekiti wa Kamati, ambayo wajumbe wake walikuwa yeye na mimi. Mheshimiwa alikuwa amesoma vitabu vya wasomi, akaona tatizo ambalo Bunge zima halikuliona. Utii wetu ulikuwa mkataba, watu huku na mfalme kule. Mfalme hana kichwa, basi mkataba umekufa. Ili uandikwe mpya ni lazima watu watoke katika Hali ya Asili, maana ndivyo vitabu vinavyosema. Na mtu hawezi kutoka mahali ambapo hajaingia.

"Kwa hiyo, Stubbs," aliniambia, "tuwaingize."

Mpango ulikuwa mwepesi. Jumatatu, uhasama wa wote dhidi ya wote. Jumanne, hofu ya kifo. Jumatano, watu wakiwa hoi, waje wapige magoti kumwomba mtu awe Mtawala, na kazi hiyo ngumu mheshimiwa alikuwa tayari kujitolea. Wangemkabidhi haki zao zote, pamoja na malisho ya wote kule bondeni, ambayo alikusudia kuyazungushia ua afuge kondoo wake. Hili la malisho lilikuwa kifungu cha nne. Mlangoni mwa kanisa sikukisoma, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na upepo.

Upepo haukumzuia Mama Pask. Huyu ni mjane mwenye ng'ombe mmoja na mdomo wa watu sita. Ng'ombe wake, Cherry, hula bondeni, na Mama Pask hula kwa Cherry: maziwa, siagi, na jibini anayouza sokoni. Alinikamata karibu na kisima Jumapili jioni.

"Stubbs, hebu njoo hapa. Nimesikia mnataka kuziba bonde. Cherry atakula nini, karatasi zako?"

"Mama Pask, suala la malisho liko kwenye mchakato."

"Mchakato haukamuliwi, baba."

"Utapewa fursa ya kutoa ridhaa yako."

"Na nisipoitoa?"

Nilimweleza kwa upole kwamba kitaalamu ridhaa hutolewa hata na yule asiyeitoa. Ukipita barabarani, umeridhia. Ukinywa maji, ukila mkate wa mahali, umeridhia. Ukilala kijijini ukaamka, umeridhia kabisa.

"Ala! Na nikikuzaba kofi?"

"Hilo ni kesho," nilimwambia. "Leo bado tuna sheria."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Bila ng'ombe yule asingeuvuka msimu wa baridi. Alijua, na mimi nilijua. Nikamwambia afuate taratibu, nikaenda zangu kula.

Jumatatu nilitoka na kengele ya kanisa ya mkononi, nikaifungua rasmi Hali ya Asili katika uwanja wa kijiji. Uwanja ulikuwa mtupu. Jua lilikuwa limetoka baada ya wiki nzima ya mvua, na Pellingham yote ilikuwa bondeni ikikata nyasi za mifugo. Niliwafuata huko na kengele yangu. Gilbert Sallow, mhunzi, alikuwa juu ya lundo, na aliyekuwa akimrushia nyasi kwa uma wa shambani kutoka chini ni Wat Dunning. Watu hawa wawili wamegombania mti wa mapeari tangu sijahamia kijijini. Mimi mwenyewe ndiye niliyewapendekeza kwa mheshimiwa kuwa wafunguzi wa uhasama.

"Gilbert," nilisema, "mbona humpigi Wat?"

"Leo?"

"Leo imeruhusiwa."

"We Stubbs, jua hili hulioni? Nikimvunja mkono, nyasi atanirushia nani? Wewe na hivyo vidole vya wino?"

"Halafu hajui kupiga huyo," Wat alisema kutoka chini. "Mara ya mwisho alinikosa, akaupiga mti."

"Niliulenga mti!"

"Uliulenga mti wangu."

"Wako? Wako wa wapi?"

Nilishika kengele kwa matumaini. Gilbert akainama, akapokea nyasi, akazipanga.

"Tutaongea Jumapili baada ya ibada," alisema. "Siku za kazi hatuna nafasi ya mambo haya."

Niliandika kwenye taarifa: uhasama, haba, sababu, hali ya hewa. Hadi jioni tukio lilikuwa moja tu. Bata bukini wa mtu fulani waliingia kwenye njegere za mtu mwingine, na wenyewe wakalimaliza kwa kupigiana kelele juu ya ua wa miti, bila kufuata utaratibu wowote. Baadaye wakapeana bia. Nilisikitika sana.

Mheshimiwa aliposoma taarifa alipiga meza. "Watu hawa hawana maumbile ya kibinadamu!"

"Labda hawajahamasishwa, mheshimiwa."

"Basi nitawahamasisha."

Jumanne asubuhi aliwatuma watumishi wake wote wakamchukue Cherry. Lilikuwa zoezi la mfano. Katika Hali ya Asili kila mtu ana haki ya kila kitu, na mheshimiwa alikuwa anaonyesha namna haki hiyo inavyotumika. Watumishi walimswaga yule ng'ombe kupitia kijiji kizima wakitazama chini. Mama Pask aliwafuata hadi kwenye lango la jumba, akishika mkia wa mnyama wake, na lango lilipofungwa aliketi barabarani akalia kwa sauti. Nilisema moyoni, hofu imeanza, kazi inakwenda vizuri. Kisha nikaona aibu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ni Katibu, nikaandika: hofu, ya kuridhisha.

Kilichofuata vitabu havikukitaja. Mchana mheshimiwa aliita watu wa kumvua mabuti, na aliyekuja ni mpishi wake, mwanamke mnene anayeitwa Bess, akijifuta mikono.

"Samahani, mheshimiwa. Kuna jambo tunabishana kule jikoni. Sisi ni watumishi wako kwa sheria gani?"

"Kwa sheria ya nchi, mjinga wewe!"

"Ehe. Na si imefutwa mpaka kesho?"

Mheshimiwa alinitazama. Nilifungua tangazo, nikamwonyesha sahihi yake.

"Basi sisi tunashuka bondeni," Bess alisema. "Wenzetu wanahitaji mikono. Na hii jibini ya ghalani tunaichukua, kwa sababu tuna haki ya kila kitu. Usijali, hatutakupiga. Tumekubaliana hupigiki."

"Wezi!" mheshimiwa alipiga kelele dirishani wakiteremka na jibini kichwani. "Wezi! Mwiteni konstebo!"

Nilimkumbusha kwamba konstebo naye alifutwa. Akaenda akafunga mlango kwa kitasa, akasogeza kabati mbele yake, akaketi na mabuti yake. Kwa faida ya wasomi watakaokuja, naomba ieleweke kwamba hofu ya kifo ilipatikana Pellingham kama ilivyopangwa. Ilipatikana kwa mtu mmoja.

Alasiri Cherry alianza kulia. Kiwele kilikuwa kimejaa, naye alisimama katikati ya ua wa jumba akitoa sauti iliyotikisa vioo.

"Stubbs, mnyamazishe!"

"Kwa mamlaka gani, mheshimiwa?"

"Yoyote!"

Nilishuka nikamsomea amri. Hakuitii. Mheshimiwa akasogeza kabati, akanifuata, lakini hatukujua, yeye na mimi, mahali pa kuanzia kumshika. Tulikuwa tumesimama pale, Mwenyekiti na Katibu, tukimzunguka mnyama anayepiga mateke, ndipo Mama Pask alipoingia na ndoo. Lango lilikuwa wazi, maana mlinda lango alikuwa akikata nyasi.

"Nimekuja kutumia haki ya kila kitu," alisema, akamvuta Cherry hadi kwenye ngazi ya mheshimiwa, akakaa, akakamua. Cherry akatulia papo hapo.

Mheshimiwa hakuwa amekula tangu asubuhi. Aliitazama ile ndoo ikijaa mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Mama Pask," alisema hatimaye kwa sauti ndogo, "hayo maziwa..."

Mama Pask alimtazama. Kisha akachota bakuli, akatoa na kipande cha mkate mfukoni mwa aproni, akampa. Akanipa na mimi. Alisubiri tumalize.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, mama. Ahsante sana."

"Haya. Mlale salama." Akamchukua ng'ombe wake, akaondoka.

Nilimwona kuwa mwanamke mwenye moyo mzuri. Hilo nalo niliandika kwenye taarifa, na sasa nalijutia.

Jumatano mchana watu walikusanyika mlangoni mwa kanisa. Hawakupiga magoti. Walikuja na uma na mafyekeo begani, wamechomwa na jua, wakicheka. Mheshimiwa alikuwa amenyooka kwa juhudi kubwa, mabuti miguuni kwa siku ya pili. Alisoma mkataba wote, na safari hii hata kifungu cha nne, kwa sababu upepo ulikuwa umetulia. Watu walinung'unika.

"Hakuna wa kupinga!" alisema. "Aliyekula hapa, aliyekunywa hapa, aliyelala hapa akaamka, ameshakubali. Na mkataba ukishakubaliwa hauvunjiki milele!"

Mama Pask aliinua mkono. "Mheshimiwa, hicho kifungu cha ridhaa ni cha watu wote, au cha wadogo tu?"

"Wote! Katika mkataba hakuna mkubwa wala mdogo. Ndiyo uzuri wake."

"Tumekipenda sana," Mama Pask alisema, akageuka kwa wenzake. "Si tumekipenda?"

"Sana!" Gilbert na Wat walijibu kwa pamoja, kisha wakatazamana vibaya kwa kukubaliana.

"Sasa ni hivi, mheshimiwa. Sisi mkataba wetu tuliukubali juzi, juu ya lundo la nyasi, kabla ya huo wako. Bonde ni la wote. Na kazi zote za kijiji ambazo hakuna anayezitaka zinakwenda kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Zamu ni ya nyumba ya kilimani. Imerukwa tangu enzi za babu yako."

"Mimi sikuukubali mkataba wowote!"

"Jana ulikunywa nini?"

Mheshimiwa alianza kuukunja mkataba wake.

"Ukala mkate wa nani? Ukalala wapi? Na leo hujaamka?" Mama Pask alimsogelea, na sauti yake ikawa laini. "Ulitaka kuwa Mtawala. Tumekupa. Mtawala wa Pellingham ndiye konstebo, ndiye wa kuzibua mtaro, ndiye wa kurudisha nguruwe wa watu, na ndiye anayemtunza Shemasi."

Shemasi ni fahali wa kijiji. Watunzaji wawili waliomtangulia mheshimiwa wanatembea kwa magongo.

"Stubbs!" mheshimiwa alisema. "Waambie! Waambie haiwezekani!"

Watu wote walinigeukia. Ningeweza kusema lolote. Lakini mimi ni mtumishi wa taratibu, na taratibu zilikuwa wazi.

"Kitaalamu, mheshimiwa," nilisema, "ni halali. Na hauvunjiki milele."

Katika miaka yote ya kumtumikia hakuwahi kunitazama vile. Nilitaka kuondoka polepole, ila Bess mpishi alinishika kola. "Na huyu alikunywa bakuli zima," alisema. "Apewe kamba ya Shemasi."

Tangu hapo utawala unaendelea vizuri. Bondeni hakuna ua, na Cherry amenenepa. Mheshimiwa alijaribu kuandika kwenda kaunti kwamba amepinduliwa, lakini kaunti ilijibu kwa pongezi, kwa kuwa Pellingham ndicho kijiji pekee ambacho mtawala wake amewekwa na watu wote bila kura moja ya kupinga.

Jumamosi iliyopita Shemasi alivunja zizi akaingia katika bustani ya Mama Pask. Mama Pask hakumfukuza. Alitoka na sufuria na mwiko, akasimama barabarani, akagonga kwa nguvu akiwa ametazama kilimani.

"Mtawaalaaa! Weee Mtawala! Kabichi zangu!"

Mlango wa jumba ulifunguka kwa kishindo, na Mheshimiwa Ambrose Thackett akatokea na kitambaa cha kulia chakula shingoni, buti moja mguuni, akiteremka kilima mbio, huku akipaza sauti, "Nakuja, mama! Nakuja!" Mimi nilikuwa nyuma yake na kamba. Katika maisha yangu yote ya utumishi sikuwahi kuona serikali ikiitwa ikaja mbio.