Mita Haipiti Mtaa wa Fachtna

Jumatatu, 13 Oktoba 2014

Mafundi wa mita wa kampuni ya maji wameingia mjini. Wiki hii ni zamu ya mtaa wetu wa Fachtna. Kila nyumba ifungiwe mita ya maji, kisha bili zifuate. Hapa Ireland, ambako maji yanatumwagikia vichwani mwaka mzima bila mtu kuyaagiza.

Kikao kimefanyika sebuleni kwa Bi Concepta Geraghty, mjane, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alisema maji tumeshayalipia kwa kodi, na yeye halipii kitu kimoja mara mbili. Akashangiliwa. Colm, shemeji yangu wa shamba, aliyekuja kwa ajili ya keki tu, akasema wenzake kijijini wanachangia maji ya kisima chao tangu yeye yuko shule, na hakuna mtu wa mjini aliyewahi kuwaandamania. Keki ikahamishiwa upande mwingine wa meza. Nuala, mke wangu, akauliza kwa sauti: kwani mabomba yatatengenezwa na malaika? Nikatazama dirishani.

Mimi binafsi naweza kukubaliana na upande wowote. Ninachotaka ni uenyekiti wa kamati ya kupinga mita. Nimezeekea mtaa huu na watu bado wananiita mume wa Nuala. Uchaguzi ni Jumapili. Mpinzani ni Concepta, na sera yake ni mikate ya mayai.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nje ya kila geti, kwenye njia ya miguu, kuna kifuniko kidogo cha chuma. Chini yake koki. Hapo ndipo mita inapofungwa. Mafundi hawaruhusiwi kuchimba penye mtu, kwa hiyo siku hizi nchi nzima inasimama juu ya vifuniko. Mimi nimeegesha gari juu ya changu na kukaa ndani na themosi ya chai.

Wakaja. Msimamizi wao ni Lonergan, mtu wa kaunti ya Cavan, mpole wa kuudhi. Aligonga kioo akaniuliza kama nimekaa vizuri. Nikamwambia sitoki. Akasema, "Hamna neno, mzee, tutaanza upande wa pili," akalisifu gari langu, akaenda zake. Nikakaa humo hadi alasiri nikilinda kifuniko ambacho hakuna aliyekitaka. Miguu ikafa ganzi.

Kumbe Concepta naye ameweka kiti cha bustani juu ya kifuniko chake, anafuma soksi, majirani wanapokezana kumshikia mwavuli. Gazeti la mji limempiga picha. Kiwiko changu kimetokea pembeni.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa pili. Zege. Shimo likijaa, mita itakaa wapi? Siamini kwamba hakuna aliyewaza hili kabla yangu.

Nimenunua mfuko wa saruji. Concepta alipokwenda misa ya mchana nikafungua kifuniko changu. Koki ilikuwa ikidondosha matone, na zege haligandi penye matone, kwa hiyo nikaifunga kwa koleo hadi ikanyamaza. Nikamwaga. Nikasawazisha kwa mwiko wa Nuala. Akachungulia dirishani, akaniuliza kama najua kilichomo humo chini. Nikamwambia hili ni suala la kisiasa. Mvua ikaanza. Nikafunika zege kwa beseni lake la vyombo na kuondoka kwa haraka.

Nitalizindua Ijumaa, watu wakiwa wengi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Asubuhi hakuna maji; yale ya matangi ya darini yameisha usiku. Nilikumbuka ile koki nikiwa nimeshika birika. Nikaketi kidogo.

Nilitoka nje nikiwa na nia ya kusema. Kweli kabisa. Lakini nyumba zote sita za mstari wetu zilikuwa kavu, sijui kwa nini, na Concepta alikuwa katikati ya barabara akisema kampuni imetukatia maji ili kutukomoa. Watu wamewaka. Nani angenisikiliza? Nikapanda ukutani, nikasema kampuni inayomnyima mjane kikombe cha chai haishindwi kutunyima na hewa. Makofi. Mtu mmoja akapaza sauti, "Sema, Malachy!" Jina langu. Sikuwahi kulisikia likitoka kwenye kinywa cha mtaa huu, na nakiri nilifurahi sana.

Concepta mwenyewe alinishika mkono, akasema nimesema yaliyokuwa moyoni mwake. Uenyekiti ni wangu. Nuala alikuwa amesimama getini na birika tupu. Hakupiga makofi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Siku ya pili bila maji. Vyoo sivielezi. Lonergan ameapa kwamba hawajagusa kitu. Mwishowe Concepta alimwendea mwenyewe, akamwomba aje atazame. Wale wale tuliowazuia wiki nzima wakapishwa na mtaa mzima. Watu waliondoa magari. Kuna aliyewashikia koni zao za barabarani.

Lonergan akafuata bomba na kidude chake kinacholia, nyumba hadi nyumba, hadi kwenye kifuniko changu. Nikamwambia huenda tatizo liko mbele zaidi. Akainua. Akatazama kwa muda mrefu. Akasema katika kazi hii ameshakuta panya na ameshakuta meno ya bandia, ila koki iliyofanyiwa mazishi, ndiyo kwanza.

Kisha akaeleza. Hizi ni nyumba za zamani za halmashauri. Bomba ni moja, linapita kwangu kwanza, halafu kwa wenzangu watano. Koki yangu ndiyo koki yao. Dawa ni kuvunja vyote, zege na koki, na kuweka kisanduku kipya. Visanduku vipya vinakuja na mita ndani yake.

Watu wakasogea kuchungulia shimo. Lonergan akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema hatuwezi kuondoa uwezekano wa hujuma ya kampuni. Nuala akasema taratibu, bila kunitazama, "Malachy, baba, mwiko wangu umo humo."

Ulikuwa umo kweli. Mpini ulichomoza.

Maji yamerudi jioni. Mtaa wa Fachtna una mita moja, nayo ni yangu. Kwa sasa inahesabu maji ya nyumba zote sita kwa jina langu. Lonergan anasema litarekebishwa, hakusema lini. Concepta aliwapa mafundi chai, akaniletea na mimi kikombe, akasema, "Kunywa, jirani, kosa halina mwenyewe." Afadhali angenitukana. Niliona aibu. Ilidumu karibu hadi chakula cha usiku.

Jumapili, 19 Oktoba

Uchaguzi ulikuwa wa kunyoosha mikono. Kwa jina langu ulinyooka mkono mmoja, na nilikuwa naufahamu. Kwa Concepta ilinyooka mingine yote. Nilimuuliza Nuala kama kura yake ni siri. Akasema siyo siri, alikuwa kakaa mstari wa mbele.

Azimio la kwanza la mwenyekiti mpya: mume wa Nuala asiguse kifuniko chochote. Likapita bila kupingwa. Na mimi nilinyoosha, ili nisionekane wa ajabu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Kosa halikuwa langu. Kosa ni la waliounganisha mabomba ya watu bila kuwauliza. Mtu anatakiwa ajitegemee.

Kwa hiyo, maji ya mvua. Pipa kubwa nyuma ya nyumba, chini ya paa. Bila kampuni, bila mita, bila kamati. Wakiniona nachota bure watakuja na ndoo zao, kikao kitaitishwa upya, na safari hii watajua wanampigia nani.

Kuna jambo moja dogo. Paa letu na la Concepta ni moja, na mfereji wa paa unainamia upande wake, maji yote yanateremkia huko. Nitauziba pale katikati tu. Hatajua. Leo yuko kwenye kamati, na mvua inanyesha vizuri tangu alfajiri.

Ngazi nimeazima kwake. Hakuniuliza ya nini.