Adabu za Gorila

Jumamosi, 16 Novemba

Hili sijawahi kumwambia mtu: nataka gorila anitazame. Si mimi kumtazama yeye tu. Yeye anitazame mimi, aone kwamba nipo. Mwalimu wetu wa Jiografia aliwahi kuniandika mtoro wiki nzima, nami nimekaa dawati la mbele. Sikumsahihisha. Niliona aibu kumkatiza.

Leo nafasi imekuja. Shangazi Kokuberwa amefika kutoka Bukoba na mabegi na ndoo ya senene, wale panzi wa kwao, wa kukaanga. Mwanawe, kaka Revelian, ni mpishi kwenye hoteli ya wageni upande wa Uganda, chini ya milima wanakoishi gorila. Amesema tukienda nyumbani kwa Krismasi atamlipia mtoto mmoja wa mjomba wake kibali cha kupanda kuwaona. Mmoja tu, aliyetimiza miaka kumi na mitano. Shangazi ndiye atakayechagua. Atatangaza Jumapili ya wiki ijayo baada ya misa.

Watoto tuko wawili. Mimi nimetimiza kumi na mitano mwezi uliopita, nikafurahi kuliko nilivyoonyesha. Dada yangu Vaileth ana kumi na saba, anacheza netiboli, na hakuna fundi wa fanicha mtaani kwetu, Keko nzima, asiyemjua kwa jina. Hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja kuhusu gorila. Mchana amesema, mdomo umejaa senene, kwamba yeye anakwenda kupiga nao selfi.

Selfi. Sikuweza kumaliza wali.

Jumapili, 17 Novemba

Mpango wa kwanza: mwili.

Kitabu cha maktaba kinasema kupanda kunaweza kuchukua siku nzima, kwenye matope na mimea inayowasha. Keko hakuna mlima. Kuna vitanda. Baba ana karakana mbele ya nyumba, na vitanda visivyopigwa vanishi vimepandishwa kimoja juu ya kingine mpaka karibu na mabati. Wakubwa walipolala baada ya chakula nikavaa begi lenye atlasi na kamusi, nikapanda.

Kupanda kulikwenda vizuri sana. Kileleni nilikaa nikapumua kwa pua, kama kitabu kinavyoshauri. Niliona mapaa ya majirani na ndala zote zilizopotea mtaani tangu nizaliwe.

Kushuka kitabu hakikueleza. Nilitua kwenye kochi jipya la mteja. Kochi lilibaki zima. Mimi pia. Baba alitoka, akaniangalia, akauliza kama kitambaa kimechanika. Fundi Kasiani, anayewamba makochi yetu, alisema kijana mwenye nguvu za kuruka apewe msasa. Nimesugua miguu ya meza mpaka jua limezama.

Jumanne, 19 Novemba

Mpango wa pili: adabu.

Gorila wana taratibu zao. Usisimame wima mbele ya mkubwa wa kundi. Chuchumaa. Shusha macho. Toa mguno wa chini kwa chini, kama mtu anayesafisha koo, ajue umekuja kwa amani. Ukiondoka usimpe kisogo, rudi kinyumenyume. Mambo haya hayawezi kujifunzwa kwa kusoma tu. Lazima uwe na wa kumfanyia.

Nilifikiri sana. Mkubwa wa kundi hapa nyumbani kwa sasa ni Shangazi. Ana mwili, anakula kimyakimya, na akigeuka, chumba kizima kinageuka naye.

Asubuhi nikampelekea chai. Nikachuchumaa. Macho chini. Mmm-hmm. Nikarudi kinyumenyume mpaka jikoni, nikamkanyaga mama.

Shangazi alimgeukia baba. Nikamsikia akimwambia kwamba huyu mtoto amelelewa. Kwamba marehemu baba yao alikuwa akiitikia kwa mguno huohuo. Kwamba hakutegemea kukuta adabu za nyumbani hapa Keko, katikati ya randa na muziki wa singeli. Baba alisema hata yeye hajui mtoto kazitoa wapi.

Sikulipanga hilo, lakini nimelipokea. Kuanzia sasa ni mazoezi na kampeni kwa pamoja. Mchana nimeguna mara nyingi mpaka koo limekauka.

Jumatano, 20 Novemba

Mpango wa tatu si mzuri sana, lakini shajara ni shajara.

Nimemwambia Vaileth kwamba Shangazi amechoka na watoto wanyenyekevu. Kwamba anampenda kijana mchangamfu, asiyeogopa mtu. Vaileth alinikagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni, halafu akasema, "Poa, braza. Mie huwaga simkatalii mtu ushauri."

Jioni Shangazi alipotoka kuoga, Vaileth hakutoa shikamoo. Alisema, "Mambo vipi, sista," akamnyooshea ngumi agonge. Kisha akafungulia singeli kwenye simu, akasema atamfundisha kutikisa mabega ili wa Bukoba wajue alikuwa Dar.

Nilikuwa nimechuchumaa pembeni, macho chini, kwa hiyo sikuona uso wa Shangazi. Nilisikia kiti alichokalia kikilia kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akitetemeka kwa hasira.

Nimelala na furaha, na hatia kidogo.

Ijumaa, 22 Novemba

Hatari. Vumbi la mbao za mninga limenikaa puani tangu siku ya msasa. Napiga chafya. Na kanuni ya gorila iko wazi: mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia, kwa sababu wanaambukizwa magonjwa yetu. Vaileth anaijua sasa, maana niliisoma kwa sauti wakati wa chakula cha jana nikijionyesha.

Leo nilizuia chafya nne mezani. Ya tano ilitoka pamoja na maharage. Vaileth akasema, kwa huruma nyingi mno, kwamba ishu ya afya za gorila si ya kuchezea. Nikaeleza kuwa ni vumbi tu. Ningeaminika zaidi kama nisingekuwa nimejifunika pua kwa soksi.

Shangazi hakubishana na mtu. Alichemsha mchaichai na majani ya mwarobaini, akaniketisha mbele ya sufuria, akanifunika blanketi zito. Kule ndani giza, mvuke, majani yananukia, maji yanatiririka shingoni. Nikafumba macho. Nilikuwa msituni kabisa. Sikumbuki lini nimewahi kustarehe namna ile. Waliniita nitoke nikakataa. Nilimsikia Vaileth akiuliza kama nimekufa. Nikaguna.

Shangazi akamwambia asikilize mwenzake anavyoitikia.

Chafya zimeisha. Nimebaki na siku mbili na uhakika mkubwa.

Jumapili, 24 Novemba

Misa ilikuwa ndefu. Niliomba kwa unyenyekevu, kisha nikaomba tena kwa kutaja jina langu kamili, Leodegar, kusitokee mkanganyiko.

Baada ya ndizi na nyama, Shangazi alinawa mikono na kusema ametuangalia wiki nzima. Mimi nilikuwa tayari nimechuchumaa. Alisema Leodegar ni mtoto wa kumsimamisha mbele za watu. Nikaguna kwa shukrani. Alisema wazee wa ukoo watakuja kwa Bibi, huko nyumbani Bukoba, Krismasi yote, na wajukuu wote waliopo kule wanamtia aibu, wanasalimia huku wanachezea simu. Kwa hiyo Leodegar atakaa na Bibi, apokee wageni, tangu siku tutakayofika mpaka siku ya kuondoka.

Nilisubiri sentensi inayofuata.

Alisema mtoto anayemwambia shangazi yake mambo vipi hawezi kuwekwa mbele ya wazee. "Huyo apelekwe kwa Revelian, aende porini. Huko hakuna wa kumwamkia."

Vaileth alicheka mpaka akashika meza. Shangazi pia alikuwa na tabasamu, na mabega yake yalitikisika kidogo, kwa mtindo ambao sasa naufahamu. Kumbe kiti cha Jumatano hakikuwa kinalia kwa hasira.

Tukiosha vyombo Vaileth alinishukuru kwa ushauri. Akasema nisinune, atamwonyesha gorila picha yangu kwenye simu, wafahamiane. Alikuwa ananitania. Nimemchagulia picha mbili, moja ya sura na moja nikiwa nimechuchumaa, nikamwomba aanze na ile ya sura. Aliacha kucheka. Alisema sawa.

Baba naye, kunituliza, alinieleza habari za Bibi. Ni mzee sana, haongei sana. Mgeni akija anamkalisha mbele yake mlangoni na kumtazama, bila haraka, mpaka amalize. Nimelifikiria hilo muda mrefu. Si baya. Kwa kweli ni zuri.

Lakini kibali bado hakijaandikwa jina.

Nikaenda ukumbini. Shangazi alikuwa peke yake na bakuli la senene. Nikasimama wima. Nikamkazia macho. Nikasema, "Mambo, sista."

Aliacha kutafuna. Alinitazama. Akaendelea kunitazama. Halafu akauliza, taratibu, kama mafua yamepanda kichwani, akachemshe majani tena.

Magoti yalijikunja yenyewe. Macho chini. Mmm-hmm. Akanipa senene kiganja kizima, akanipapasa kichwa. Nikarudi kinyumenyume mpaka jikoni, nikamkanyaga mama.

Nimefungua atlasi. Kutoka kwa Bibi mpaka kwa gorila ni urefu wa kidole gumba, na baba amesema Bibi hulala kila mchana. Kidole gumba si kitu. Kinachotakiwa ni mazoezi.

Basi nikatia atlasi na kamusi kwenye begi, nikatoka karakanani, nikapanda vitanda mpaka juu. Nilipofika kileleni nikakumbuka kwamba mteja alikuja jana kuchukua kochi lake.